Piano za Marekani: Sifa Zisemwazo na Zisizosemwa

Watu wazisifuo piano za Marekani huanza kwa kutaja sauti, nao husema kweli. Lakini sauti ile haikuja kwa bahati. Nyuzi za piano zapita mia mbili, na zote pamoja huvuta kwa nguvu ya tani 20 hivi. Kiunzi cha mbao peke yake hakiwezi kuhimili mvuto huo. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alitengeneza kiunzi cha chuma cha kusubu, kipande kimoja. Na mwaka 1843 Jonas Chickering, wa mji ule ule, akapata hati ya kiunzi cha namna hiyo kwa piano kubwa. Wako walionung'unika kwamba chuma kitaharibu sauti. Hata hivyo, mwaka 1859 Steinway wa New York wakazipitisha nyuzi nene juu ya zile nyembamba katika piano kubwa, na mwaka 1867, katika maonyesho ya Paris, Steinway na Chickering wote wawili wakatunukiwa nishani za dhahabu. Manung'uniko yakapata jibu.

Sifa hizo ni za haki. Lakini masimulizi mengi hukoma hapo, na hapo ndipo yapungukapo. Vile vibao vyeupe vya kubonyeza vilivikwa pembe za ndovu, na nyingi zilitoka Unguja. Zilipelekwa Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hata zikawa nyeupe kabisa. Kabla ya safari hiyo ya bahari, wapagazi na watumwa walizichukua mabegani toka bara hata pwani, na wengi wao walikufa njiani.

Je, pembe iliongeza nini? Wapigaji huisifu kwa kuwa haitelezi vidole vitokapo jasho. Na tukubali hivyo. Lakini sauti hutoka katika nyuzi, chuma na ubao, wala haitoki katika pembe. Katika miaka ya 1950 Steinway wa New York waliiacha, wakatumia plastiki, na sauti haikupungua.

Basi, aandikaye habari za ufundi huu na amsifu fundi wa Boston na wa New York. Lakini asimsahau mpagazi, maana aligharimia weupe ambao sauti haikuuhitaji.