Wachongaji wa Mizinga ya Magogo

Uchongaji ukitajwa Tanzania, wengi huwaza vinyago vya Wamakonde. Nyanda za juu za Kigoma hazina sifa hiyo. Hata hivyo, katika misitu ya miyombo ya Kibondo na Kasulu, juu kwenye matawi, huning'inia kazi ya watu wasioitwa wachongaji na yeyote: mizinga ya magogo.

Fundi huanza kwa kuchagua. Hutaka shina lililonyooka, lisilo na mafundo, la mita moja au zaidi kidogo. Mninga una heshima yake, kwa kuwa mchwa hauwezi upesi na ukikauka haujikunji. Gogo hupasuliwa kwa kabari, si kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi za mti zilivyolala, hivyo nusu mbili zikirudishwa pamoja hukutana barabara, kila mwinuko na bonde lake.

Kisha huingia tezo, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi. Kila nusu huchimbwa kidogo kidogo kutoka katikati, na mkono hupita ndani kila mara kupima unene wa ukuta. Ukiwa mwembamba upande mmoja, jua la kiangazi litaupasua. Ukiwa mnene mno, mzinga utakuwa mzito kupandishwa mtini na nafasi ya asali itapungua. Nyuki hulea wana wao katika joto la nyuzi 34 hadi 35 za Selsiasi, na usiku wa Juni huku juu una baridi kali. Mti mnene kiasi huwapunguzia kazi ya kulitunza joto hilo. Hayo yote hupimwa kwa kiganja, ndani ya umbo ambalo hakuna mnunuzi atakayelisifia.

Baadaye huja vifuniko vya ncha mbili, matundu madogo ya kupitia, kamba za magome ya kufungia, na nta ya kupaka ndani ili kuvuta kundi.

Sipingi mizinga ya masanduku. Tangu Langstroth apate hataza ya mzinga wake wa fremu nchini Marekani mwaka 1852, mfugaji anaweza kukagua masega bila kuyavunja, na hiyo ni faida kubwa. Wala sitetei mzinga wa gome, maana mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa. Lakini kuuita mzinga wa gogo kazi ya kubahatisha ni kumkosea haki aliyeuchonga. Huu ni uchongaji kamili, na mgumu kuliko wa sanamu nyingi za kuwekwa sebuleni.

Maofisa nyuki wa wilaya hizi, mnapoandaa mafunzo ya masanduku, mwiteni na fundi wa gogo. Mpeni siku nzima, gogo moja la mti ulioanguka wenyewe, na vijana wa kumtazama anavyoshika tezo.