Sifa ya Fundi wa Ukuta wa Ukingoni

Katika nchi ya Tshopo, tangu misitu ya Yahuma hata mji wa Kisangani, hapana uhaba wa maji wala wa miti. Basi mwenye nyumba ukingoni, akitaka kukilinda kiwanja chake kisimegwe na mto, mbao ndizo zilizo karibu na mkono wake. Aghalabu hudhani kuwa adui wa ukuta wa mbao hizo ni mto ulio mbele. Mimi nadai kuwa adui yu nyuma, na kwamba fundi astahiliye taadhima ni yule alijuaye hilo kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.

Mto ukijaa, kama ulivyojaa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, hata kipimo cha maji huko Kinshasa kikakaribia kile cha mafuriko ya 1961, maji yake huuegemeza ukuta kwa mbele. Lakini mto ukishuka kwa haraka, maji yaliyonywewa na udongo husalia nyuma ya mbao bila njia, na kimo cha mita 2 tu cha maji hayo huisukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu ya uzito wa tani 2. Hapo nguzo huinama, na lawama huangukia mti, ambao hauna taksiri yoyote.

Fundi stadi hujaza kokoto safi nyuma ya mbao, akatoboa matundu chini, juu kidogo ya usawa wa kawaida wa mto, na kati ya kokoto na udongo akaweka mchanga wa punje nene. Kanuni ya mchanga huo iliwekwa na Karl Terzaghi, mwasisi wa elimu ya mekanika ya udongo: punje za kichujio ziwe kubwa kiasi cha kupitisha maji, wala zisiwe kubwa mno hata udongo ukapita nayo. Kazi yote hiyo huzikwa, na kumshawishi mtu alipie kilichozikwa ni shughuli ngumu kuliko kuchimba.

Mvua ikinyesha, fundi huyo huinama mbele ya tundu akakinga maji kiganjani. Yakiwa na tope mara ya kwanza, hajali. Yakizidi kuwa hivyo mvua baada ya mvua, hufukua upya, maana kiwanja chenyewe kinahama kidogo kidogo kupitia matundu, na ardhi itabonyea nyuma ya ukuta uliosimama wima. Na akiitwa kwenye ukuta uliokwisha kuinama, hakubali kamba ifungwe wala gogo la kuegemeza lisimamishwe, mpaka kwanza ametoboa ubao wa chini, akakaa kando, maji yakatoka.