Kibuyu Chenye Mshono

Ukitoka Kericho kuelekea Kisumu, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenye joto la miwa, unapita Kapsoit. Siku hizi hapo kandokando ya lami hutakosa vibuyu vilivyotundikwa kwenye kamba, vinang'aa. Vimepakwa vanishi ile ile ya kupaka meza na makochi. Shanga za shingoni zimebandikwa kwa gundi, na ubavuni pameandikwa maneno ya kumkaribisha mgeni kwa rangi ya mafuta. Msafiri anateremka, anachagua, anapiga picha, analipa, anaondoka. Nilikinusa kimoja. Nje kilinuka duka la rangi. Ndani kilinuka ganda ambalo halikuoshwa likatakata. Kibuyu hicho hakikutengenezwa ili kitiwe maziwa, na anayekiuza wala hakufichi. Atakuambia ni cha ukutani.

Simlaumu anayetafuta riziki. Ninachokililia ni kwamba sotet, kibuyu cha maziwa cha Wakipsigis, hakikuwahi kuwa cha ukutani. Kilitundikwa, ndiyo, lakini kilitundikwa kikiwa na mursik ndani, kikingoja mwenye nyumba arudi au mgeni abishe hodi. Urembo wake wote ulikuwa urembo wa chombo kilicho kazini. Aliyekipamba alijua kwamba kesho yake mikono yenye jasho itakishika, maji ya moto yatakipita, na mtoto atakiangusha.

Chini kidogo ya soko la Kapsoit, mahali ambapo michai imesogea mpaka mlango wa jikoni, anaishi mama mmoja mzee ambaye bado anaifanya kazi hii jinsi alivyofundishwa. Jina lake silitaji. Huku sote tunamwita Kogo, kama unavyomwita nyanya yako. Hupanda mbegu za kibuyu kando ya ua, si katikati ya shamba, kwa sababu tunda linalolala chini hubonyea upande mmoja, lakini linaloning'inia hushuka na shingo iliyonyooka. Halichumi likiwa na dalili yoyote ya ubichi. Hungoja miezi, mpaka kikonyo kinyauke chenyewe. Na kwa kuwa Kericho ni nchi ya mvua, ambako karibu kila alasiri wingu hufunga na kumwaga, tunda halianikwi nje. Hupandishwa darini, juu ya meko, moshi ulipite mchana na usiku.

Akishalikata kichwa hulijaza maji, akaiacha nyama ya ndani ioze. Hutia kokoto, hutikisa, humwaga, hujaza tena. Uchungu wa kibuyu hautoki kwa siku moja wala mbili. Kogo huyagusa maji yale kwa ncha ya ulimi, na yakiwa bado machungu huyamwaga bila kusema neno na kuanza upya. Nimemwona akirudia hivyo kwa kibuyu ambacho mimi ningeapa kimekwisha kuwa safi.

Kisha huja mkaa, na hapa ndipo ninapopenda kukaa nikatazama. Senetwet ni kichaka cha maua ya manjano ambacho wengi hukipita njiani bila kugeuza shingo. Kogo hukata fito zake, akazikausha vizuri, halafu akachoma ncha ya ufito mpaka iwe kaa jekundu. Kaa hilo huingizwa ndani ya kibuyu lingali na moto. Mkono mwingine tayari umeshika sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha hadi nyuzi zikafumuka zikawa brashi. Kwa sosiot hiyo hulisaga kaa kwenye kuta, akizungusha kibuyu mapajani polepole, akisikiliza. Kaa likiwa bado na chenga, husikika likikwaruza. Likishakuwa unga, sauti hulainika. Hapo hukung'uta unga uliozidi, akachungulia ndani kwa jicho moja kuelekea mwanga wa mlangoni. Akiona doa la rangi ya ganda ambalo mkaa haukulifikia, huanza tena na kaa jingine. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa baada ya hapo, kifuniko cha ngozi kikakazwa, na kibuyu kikaachwa siku kadhaa, pengine majuma.

Mursik ikiisha, kibuyu huoshwa, hukaushwa, na mkaa hurudiwa. Kwa hiyo kibuyu kilichokaa nyumbani miaka thelathini kina ukuta uliopakwa mara nyingi kupita hesabu, utando juu ya utando, mpaka weusi wake ukawa na ubuluu ndani yake. Nje hakipakwi kitu. Hudhurungi ile iliyoiva, inayokolea shingoni na kufifia karibu na kitako, imetokana na moshi wa darini, mafuta ya maziwa na viganja vya watu wa nyumba ile. Hakuna duka liuzalo rangi hiyo.

Japani kuna mafundi wa kalamu ambao wangekaa na Kogo jikoni kwake wakaelewana. Mwaka 1918 Ryosuke Namiki na mwenzake walianzisha kampuni ya kutengeneza kalamu za wino. Kalamu za wakati ule ziliundwa kwa ebonaiti, mpira mgumu ambao ukishikwashikwa na kupigwa na jua hupauka. Namiki alitafuta njia ya kuulinda, akaipata kwenye urushi, utomvu wa mti ambao Wajapani wameutumia tangu kale kupaka mabakuli na masanduku. Utomvu huo ukiwa mbichi hubabua ngozi. Tena haukaukii juani. Hugandia kwenye kabati lenye unyevu, ile hali ya hewa ambayo Kericho tunayo bure. Hupakwa utando mmoja, ukangojwa, ukasuguliwa, ukapakwa mwingine. Na kinachousugua, katika hatua zake nyingi, ni mkaa wa mti uliochaguliwa kwa kazi hiyo. Nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa ukoo nchi ya mbali.

Juu ya utando uliolowa fundi hunyunyiza unga wa dhahabu kufuata mchoro, sanaa wanayoiita maki-e. Mwaka 1930 kampuni hiyo iliingia mkataba na kampuni ya Alfred Dunhill ya London, na kalamu zake zikafika mikononi mwa matajiri wa Ulaya. Leo moja ya zile nzuri huuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa wa maziwa. Lakini mwanzo wake ulikuwa haja ya kawaida kabisa, kalamu isichakae mkononi mwa mwandishi, kama mkaa wa senetwet ulivyoanzia kwenye haja ya maziwa yakae yasiharibike. Uzuri ulifuata kazi nyuma nyuma, ukaizoea, mwishowe vikawa havitenganishiki.

Gonroku Matsuda, mmoja wa mafundi waliowahi kufanya kazi na Namiki, alitangazwa na serikali ya Japani mwaka 1955 kuwa mhifadhi wa sanaa hiyo, miongoni mwa wale ambao wananchi huwaita hazina hai za taifa. Fundi wa namna hiyo hupewa fedha kila mwaka ili aendeleze ujuzi na kufundisha warithi. Sisi Wakenya pia tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi, iliyopitishwa mwaka 2016, na imeandikwa kwa lugha nzuri. Bado sijamkuta Kapsoit mama wa kibuyu aliyelipwa hata nauli ili amfundishe msichana wa jirani.

Kuna kibuyu kimoja cha Kogo ambacho hakiuzwi. Alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na siku moja kilianguka kutoka kwenye msumari kikapasuka, ufa ukashuka kutoka begani hadi kiunoni kwa mwendo wa kombo. Hakukitupa. Alipasha msharasi moto akatoboa vitundu viwili viwili pande zote za ufa, kwa subira, kwa kuwa ganda kavu ukilisukuma kwa nguvu hupasuka zaidi. Akaushona kwa kano za ng'ombe zilizolainishwa kwa maji, ambazo zikikauka hukaza zenyewe na kuivuta midomo ya ufa ikutane. Akaziba kwa nta ya nyuki. Halafu, baada ya kuhakikisha maji hayapiti, alikata ukanda mwembamba wa ngozi, akaukwangua ukawa laini, akaupanga shanga: nyeupe, buluu, nyeupe, na kila baada ya pambo moja, ushanga mwekundu peke yake.

Nilikishika kibuyu hicho muda mrefu. Ukanda ule haukujaribu kuunyoosha ufa. Unapinda pale ufa ulipopinda, unakatika kidogo mahali ambapo ganda lilimeguka, kisha unaendelea. Shanga zimekaa sawasawa hata kwenye kona, na ukigeuza upande wa nyuma wa ngozi, ambako hakuna wa kutazama, mshono ni safi vilevile. Nilimuuliza, "Kogo, kwa nini hukutafuta kingine? Vibuyu vilikuwa tele wakati ule." Akanijibu, "Mwanangu, hiki kilikuwa kimeshajua maziwa." Wajapani nao hutumia urushi kuunga vyombo vya udongo vilivyovunjika na kuupitisha unga wa dhahabu juu ya ufa ili uonekane. Shanga kama hizi za Kogo zilikuja kwa njia ndefu isiyopungua ile ya dhahabu yao, zikifinyangwa Ulaya kwa vioo, zikipokelewa pwani pamoja na kauri, zikibebwa na misafara hadi huku nyanda za juu, zikabadilishwa kwa pembe na mifugo. Wanawake wa huku wakazipokea na kuamua wenyewe ziseme nini.

Kibuyu hicho kingali kinatiwa maziwa. Niliinywa mursik yake. Ina ule ukali unaopanda puani, na nyuma ya ukali kuna moshi mtamu ambao pakiti ya dukani haijauweza.

Mengine ni ya kuhuzunisha. Kampuni za chai za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na vilima vilivyokuwa malisho vikavishwa kijani kimoja. Ng'ombe walipungua, pakabaki wawili watatu wa kufungiwa bandani na kulishwa majani ya nepia. Tukapata mishahara, tukajenga nyumba za mabati, tukaondoa meko ya kuni, na pamoja na meko likaondoka dari lenye moshi. Kisha ukaja mtungi wa plastiki. Ni mwepesi, hauvunjiki, hauhitaji senetwet wala subira. Mwaka 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, na tulifanya vema; mtungi ule ukabaki jikoni ukijaa maziwa ambayo tunaendelea kuyaita mursik. Wapo wanaosaga mkaa wakaukoroga humo humo ili rangi ipatikane. Rangi inapatikana.

Na kibuyu tumekipandisha cheo cha uongo. Bingwa wa mbio akirudi na dhahabu, hupokelewa uwanja wa ndege kwa sotet, kamera zikamzunguka, akanywa funda moja. Katika koito, ukoo wa bwana arusi unapokuja kuzungumza mahari, lazima kibuyu kionekane mezani. Mara ngapi nimeona kibuyu kikipitishwa mbele kwa heshima huku mursik yenyewe ikimiminwa nyuma ya hema kutoka kwenye mtungi wa lita ishirini! Tunaheshimu sura ya kitu na mikono iliyokitengeneza tumeiacha ife na kile ilichojua. Vijana walipochoma mashine za kuchuma chai Kericho mwaka 2023, watu walishangaa hasira ile ilitoka wapi. Mimi sikuunga mkono moto, lakini hasira ya mkono ulioambiwa hauhitajiki niliielewa, kwa sababu huku mikono mingine iliambiwa hivyo zamani, kimyakimya, na hakuna aliyeandika habari zake.

Ua wa Kogo wenyewe unapungua. Shamba limegawanywa kwa wana, na mwana mmoja ameweka seng'enge upande wa juu, ambako mtambaa wa kibuyu ulikuwa ukipanda. Mwaka huu alivuna vibuyu vichache, na viwili kati ya hivyo vilioza kwa mvua kabla ya kufika darini. Mabinti zake wako Kericho mjini na Nairobi. Wakija Krismasi huomba mursik ya kubeba, kwenye chupa. Wajukuu wana mikono mizuri, anasema, hasa mmoja wa kike ambaye hushona shanga bila kufundishwa mara mbili, lakini shule humchukua asubuhi na kumrudisha jioni, na kazi za nyumbani humla muda uliobaki.

Wanaokuja kwa Kogo kwa wingi siku hizi ni watoto wa shule. Mwalimu amewaagiza walete chombo cha jadi walichokitengeneza wenyewe, na ni jambo jema kuagiza. Huja Ijumaa jioni wakiwa na sare, wengine na mzazi kwenye pikipiki, wakiuliza kama anaweza kuwasaidia kutengeneza sotet, maana inatakiwa Jumatatu. Kogo huwaeleza habari ya mbegu, ya ua, ya darini, ya maji machungu. Wanasikiliza kwa adabu. Kisha mzazi huuliza kama hakuna kilicho tayari, na asipopata hupanda pikipiki, akaelekea kule barabarani kwenye vile vya vanishi.