Nosferatu kwa Kiswahili: mzimu, mumiani au mnyonya damu?



Filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau, ilionyeshwa Berlin mwaka 1922. Sisi wa Gitega tumeitazama kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka mia moja baadaye. Filamu hii ni bubu: maelezo yake yameandikwa kwenye picha, nasi tuliyatafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Ndipo likazuka swali: kabaila Orlok, maiti anayeishi kwa damu ya watu, tumwiteje?

Tuanze na filamu yenyewe. Imechakaa mahali fulani. Gari la farasi linalokimbia kupita kiasi lilitufanya tucheke, na baadhi ya matukio ya usiku yanaonekana wazi kuwa yalipigwa mchana. Lakini Orlok (Max Schreck) alipoinuka kutoka jenezani wima kama ubao, kicheko kilikatika. Kivuli chake kinapopanda ngazi, mkono ukirefuka kuelekea mlangoni, hatuoni damu yoyote, na bado tunaogopa. Murnau anatisha kwa kuchelewesha.

Sasa turudi kwenye jina. Wanafunzi wengi walipendekeza mzimu, kwa kuwa Kirundi kina abazimu. Tunalipinga pendekezo hilo. Mzimu ni wa ukoo. Huwarudia jamaa zake kwa sababu kuna jambo baina yao. Orlok hana jamaa mjini. Anakuja kwa sababu ameuziwa nyumba, na karani wa dalali ndiye aliyempelekea hati. Tukimwita mzimu, tutamfundisha mwanafunzi wa Kirundi kwamba wahenga wake ni wanyama wakali. Hilo si kosa dogo la tafsiri.

Wengine walitaka mumiani. Neno hilo lilitaja kwanza dawa nyeusi kama lami, kisha likawa jina la watu wanaodhaniwa kuwatoa wenzao damu. Mwanahistoria Luise White alichunguza masimulizi ya aina hiyo ya Afrika Mashariki na Kati katika kitabu chake cha mwaka 2000. Humo, mtoa damu ni mtu hai, mara nyingi mwajiriwa, anayefanya kazi kwa ajili ya wakubwa. Orlok hakutumwa na mtu. Njaa ni yake mwenyewe.

Mnyonya damu ni jina wazi zaidi, ingawa msomaji aliyezoea lugha ya Ujamaa atamkumbuka mnyonyaji wa siasa. Hata hivyo halimtukani marehemu wa mtu yeyote.

Pendekezo letu ni hili: katika maelezo ya filamu libaki Nosferatu, na katika mjadala wa darasani litumike mnyonya damu. Filamu inaanza kwa kutuonya kuhusu neno hilo geni, na Bram Stoker alikwisha litumia katika Dracula, riwaya ya mwaka 1897 ambayo Murnau aliifuata bila idhini. Mjane wa Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Baadhi zilisalimika, ndiyo maana tumeiona.

Walimu wenzetu wa Muyinga, ambako Kiswahili kina wenyewe mitaani, mnasemaje? Tunangoja hoja zenu.