Kompyuta Haina Masikio

Ukikaa na maprodyusa wa bedsita hapa Nairobi, siku moja utasimuliwa habari za 9th Wonder. Jamaa wa North Carolina, mbali na New York, mbali na Los Angeles, anaunda biti kwa Fruity Loops, programu ambayo wakubwa waliiona kama mchezo wa watoto. Mara, mwaka wa 2003, yuko ndani ya The Black Album ya Jay-Z na wimbo unaoitwa "Threat". Kwa hivyo, wasee husema, ukishapata lapi umemaliza kazi.

Hiyo stori ni ya kweli. Funzo lake ndilo limekaa upande. Programu yenyewe, iliyotoka kwa kampuni ya Ubelgiji, ilikuwa kwenye kompyuta za vijana wengi sana wakati huo, na Jay-Z hakuwapigia simu. Kitu ambacho Patrick Douthit alikuwa nacho, hilo ndilo jina lake la nyumbani, kilikuwa masikio. Alikuwa amesikiliza soul mpaka akajua mahali pa kukata. Kwenye "Threat" amechukua wimbo wa R. Kelly na kuiacha sauti ya mwimbaji ielee nyuma ya Jay-Z kama mtu wa pili chumbani, anayejua siri na hataki kuisema yote. Hakuna kitufe cha kufanya hivyo.

Mwaka huo huo kundi lake, Little Brother, lilitoa The Listening chini ya ABB Records, lebo ndogo ya California. Albamu imepangwa kama matangazo ya redio, na hadi leo ina joto ambalo siwezi kulieleza vizuri. Besi iko chini, midundo ina vumbi kidogo, halafu Phonte na Rapper Big Pooh wanachana kuhusu maisha ya watu wa kawaida. Hakuna anayejidai gangsta. Phonte hasa ana mdomo mkali na ucheshi wa mtu aliyechoka, na hicho ndicho biti zile zilihitaji: mtu wa kuzikosoa zikianza kujipenda.

Maana zilijipenda, bana. Chukua nyimbo kumi za 9th za miaka ile uzipige mfululizo. Snea ile ile. Kipande kile kile cha soul kinachozunguka dakika nne bila kwenda popote. Mashabiki wake husema hiyo ni sahihi yake, kama vile DJ Premier ana yake. Nakubali nusu. Sahihi ni kitu unachoweka mwisho wa barua, lakini barua bado inafaa kuwa na maneno. Akipewa rapa wa wastani, biti ya 9th inakuwa rangi ya ukuta: nzuri, na baada ya muda huioni.

Waimbaji walimwokoa kwa njia yao. Destiny's Child walimpa nafasi tatu kwenye Destiny Fulfilled ya 2004, "Girl" ikiwemo, na Erykah Badu akafanya naye "Honey". Biti inabaki palepale inapozunguka, lakini sauti ya juu inatembea, inapanda, inacheka, inageuka. Badu hasa anaitendea biti kama kiti cha kuzunguka.

Halafu 2007 yeye na Little Brother wakaachana. Albamu ya Getback ina biti yake moja tu. Na walipotoa May the Lord Watch mwaka wa 2019 bila yeye, kundi lilisimama vizuri kabisa kwa miguu miwili. Hiyo inauma kwa sisi tuliodhani yeye ndiye alikuwa kundi.

Mwaka huo wa 2007 ndipo North Carolina Central, chuo alichokiacha bila digrii, kilimwita arudi kufundisha. Baadaye akafundisha Duke pamoja na Profesa Mark Anthony Neal, na 2012 akaingia Harvard kwa ufadhili wa utafiti. (Mimi niliacha kampo pia. Bado hawajanipigia simu, kwa hivyo hii sehemu naisoma na wivu wangu wote.) Ukiangalia alichokipeleka Harvard, utaona hakubadilisha kazi. Alichukua albamu kubwa za hip-hop akafuata santuri zilizo chini yake, moja baada ya nyingine: hiki kimetoka wapi, nani alipiga, nani alikisikia kwanza. Kazi ya masikio tena, safari hii na mshahara.

Yaliyomo masikioni mwake yalimwagika yote kwenye "DUCKWORTH.", wimbo wa mwisho wa DAMN. ya Kendrick Lamar, 2017. Ndani yake mna soul ya Ted Taylor, bendi ya Hiatus Kaiyote kutoka Australia, na kundi la Yugoslavia la miaka ya 70 linaloitwa September. Kendrick anasimulia jinsi baba yake, mfanyakazi wa KFC, alivyoponea chupuchupu mikononi mwa mtu ambaye miaka mingi baadaye angekuja kuwa bosi wa lebo ya mwanawe. Biti inakatika, inabadilika, inakatika tena, na kila mara hadithi inageuka nayo. Kwa mara moja hakuna anayeiruhusu biti ya 9th kukaa na kujipenda. Kwangu ndiyo kazi yake bora, na haidumu hata dakika tano. DAMN. ilishinda Pulitzer mwaka uliofuata, ya kwanza kwa muziki ulio nje ya klasiki na jazi.

Kabla ya hapo, Januari 2018, ilishinda pia Grammy ya albamu bora ya rap. Kati ya zilizoshindwa usiku huo ilikuwa Laila's Wisdom ya Rapsody, mwanamke ambaye 9th alimlea kwa miaka kwenye lebo yake ya Jamla, na ambaye anajua kuisumbua biti kuliko wanaume wengi aliowahi kufanya nao kazi. Prodyusa akashinda na kushindwa kwa bahasha moja. Ukiwa na saa moja leo, anza na ile iliyoshindwa.