Machujio Matano na Msomaji Mmoja

Kijiweni kwetu, pale kwa muuza kahawa, gazeti moja husomwa na watu kumi. Mara nyingine hata huyo mmoja hakulinunua: kasoma vichwa vya habari vilivyoning'inizwa kwa muuza magazeti, halafu anakuja kutusimulia kana kwamba alikuwepo. Siku hizi wengine wanasoma kwenye simu, lakini maongezi ni yale yale. Habari ikishasomwa, lazima atokee mtu wa kusema, "Achaneni nayo hiyo, bwana. Magazeti yote yamenunuliwa." Basi, mjadala umekwisha. Wote tunatikisa kichwa, tunajiona wajanja, tunaagiza kahawa nyingine.

Kwa muda mrefu nilidhani msemaji huyo ndiye mwanamapinduzi wetu. Kisha nikakutana na kitabu ambacho watu wa aina yake hupenda kukitaja, na wachache wamekifungua. Kinaitwa Manufacturing Consent. Kiliandikwa na Wamarekani wawili, Edward Herman na Noam Chomsky, kikatoka mwaka 1988. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni kitabu kuhusu namna ridhaa ya watu inavyotengenezwa, kama kitu cha kiwandani. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimekisoma na kamusi mkononi, kurasa nyingine mara mbili, na nimetoka na neno moja la kuwaambia wenzangu: hawa wazee hawakusema kile tunachosema kijiweni. Wao walifanya kazi. Sisi tunapumzika.

Tuwajue kwanza. Herman alikuwa mchumi, mwalimu wa mambo ya fedha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na alifariki mwaka 2017. Chomsky, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1928, ni mtaalamu wa isimu aliyepata jina kwa nadharia zake za sarufi kabla hajajulikana kwa kuipinga vita ya Vietnam. Maneno yenyewe ya "kutengeneza ridhaa" hawakuyabuni wao. Waliyachukua kwa Walter Lippmann, mwandishi wa habari Mmarekani, aliyeyatumia mwaka 1922 katika kitabu chake kuhusu maoni ya umma. Tofauti ni kwamba Lippmann aliuona ufundi huo kama jambo ambalo demokrasia haiwezi kuliepuka. Herman na Chomsky wakauliza: nani anatengeneza, kwa faida ya nani?

Jibu lao ni machujio matano. Hapa naomba msomaji afikirie kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu hakisemi uongo. Tui linalotoka ni tui la nazi kweli. Lakini kuna kilichobaki ndani, na anayekula wali mezani hakioni.

Chujio la kwanza ni umiliki: chombo kikubwa cha habari kina mwenyewe, naye ni tajiri anayetaka faida. La pili ni matangazo ya biashara. La tatu ni vyanzo: mwandishi hana muda wala nauli, hivyo anakwenda kwa msemaji wa serikali na kwa wataalamu ambao simu zao hupokelewa. La nne ni bakora: ukiandika vibaya, zinakuja barua, kesi, vitisho, na matangazo yanaondolewa. La tano lilikuwa woga wa ukomunisti, uliofanya kila mnyonge anayedai haki Amerika ya Kati aonekane wakala wa Moscow. Hilo la tano ndilo lililozeeka upesi. Dola ya Kisovieti ilianguka mwaka 1991, na kitabu kilipotolewa upya mwaka 2002, waandishi waliongeza utangulizi wa kuangalia upya mambo yaliyobadilika. Lakini adui hakosekani. Baada ya 2001 neno "gaidi" limefanya kazi nyingi ambazo zamani zilifanywa na neno "mkomunisti".

Kati ya hayo matano, la matangazo ndilo lililonitoa usingizini. Wanatoa mfano wa Daily Herald, gazeti la wafanyakazi wa Uingereza. Lilikuwa na wasomaji wengi kuliko The Times, Financial Times na Guardian kwa pamoja. Hata hivyo lilikufa mwaka 1964. Kwa nini? Wasomaji wake walikuwa makabwela, na mwenye duka la vitu vya bei hataki kutangaza kwa kabwela. Hakuna polisi aliyelifunga wala waziri aliyelifungia. Mahali pake likaja gazeti jipya lililoitwa The Sun, ambalo miaka michache baadaye lilinunuliwa na Rupert Murdoch. Yaani gazeti laweza kupendwa na mamilioni na bado likafa njaa, kwa sababu mteja halisi siye anayelisoma. Mteja ni yule anayenunua macho ya anayelisoma.

Lakini hapa ndipo kijiwe kingeishia: "Si niliwaambia?" Kitabu hakiishii hapo. Kinaanza kuhesabu.

Oktoba 1984, padri Jerzy Popiełuszko aliuawa nchini Poland na maofisa wa usalama wa serikali ya kikomunisti. Ni unyama, na waliomuua walishitakiwa wakafungwa. Miaka minne kabla, Machi 1980, Askofu Mkuu Oscar Romero alipigwa risasi akiwa anaadhimisha misa huko El Salvador, nchi ambayo serikali yake ilisaidiwa na Marekani. Desemba mwaka huo huo, wanawake wanne Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi ya kanisa waliuawa huko huko. Herman na Chomsky walichukua gazeti la New York Times wakahesabu. Padri mmoja wa Poland alipata habari 78. Watu wa dini 100 waliouawa Amerika ya Kusini na ya Kati, Romero na wale wanawake wanne wakiwemo, walipata 57 wote kwa pamoja.

Na si idadi tu. Wanaonyesha kwamba kifo cha Popiełuszko kilielezwa kwa undani, na gazeti liliuliza tena na tena nani huko juu alitoa amri. Vifo vya wale wengine vilitajwa kwa ufupi, kwa sauti ya kusikitika, kama vile ni mvua kubwa iliyonyesha mahali fulani. Waandishi wanaita makundi hayo mawili wahanga wanaostahili na wahanga wasiostahili. Kumbuka kwamba gazeti halikudanganya. Kila habari iliyochapwa yaweza kuwa kweli. Udhalimu umo katika vipimo.

Mwaka 1992 Wakanada wawili, Mark Achbar na Peter Wintonick, walitoa filamu yenye jina la kitabu hicho. Humo kuna mahali wanatandaza sakafuni safu za gazeti zilizohusu Kambodia, na kando yake safu zilizohusu Timor ya Mashariki, nchi iliyovamiwa na Indonesia, rafiki wa Marekani, mwaka 1975. Ukanda mmoja unakwenda, unakwenda. Mwingine unakatika mapema. Mtoto asiyejua kusoma angeelewa. Huo ndio uhakiki ninaouheshimu: mkasi, rula na subira.

Sasa tukipime kitabu chenyewe, maana tusije tukamsujudia Chomsky kama wengine wanavyousujudu ukurasa wa mbele.

Swali la kwanza: je, mmiliki akiondoka, chujio linaondoka? Hapa Dar es Salaam tuna jibu letu. Gazeti la The Standard lilikuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha, akamweka Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, kuwa mhariri, na ikatamkwa wazi kwamba gazeti la umma litakuwa na ruhusa ya kukosoa. Bepari kaondoka, chujio la kwanza limechanwa. Lakini mwaka 1971, baada ya tahariri iliyomshutumu Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, Ginwala aliupoteza uhariri. Mwaka uliofuata The Standard liliunganishwa na gazeti la chama, The Nationalist, likazaliwa Daily News. Mama huyo alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini huru mwaka 1994, kwa hiyo hatuwezi kusema alikuwa kibaraka wa mtu. Funzo lake ni kwamba Herman na Chomsky waliichora Marekani, na ramani ya Marekani haikutoshi ukiwa Kariakoo. Kwetu chujio la bakora laweza kufanya kazi bila msaada wa yale mengine manne.

Swali la pili ni zito zaidi. Katika kitabu chao msomaji yuko wapi? Hayupo. Wenyewe wanasema wanaeleza jinsi vyombo vinavyofanya kazi, si jinsi watu wanavyopokea. Sawa, lakini ukilisahau onyo hilo unaishia kumwona mama yako, anayesikiliza redio akichambua mchele, kama ndoo tupu inayomiminiwa. Aliyenisaidia hapo ni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyekwenda kusoma Uingereza mwaka 1951 na kufundisha Birmingham. Mwaka 1973 alieleza kwamba ujumbe hufungwa na mtumaji na hufunguliwa na mpokeaji, na si lazima ufunguliwe vile ulivyofungwa. Wapo wanaopokea kama walivyopewa. Wapo wanaojadiliana nao, hili nakubali, hili kwangu hapana. Na wapo wanaousoma kinyumenyume.

Mfano upo jirani tu. Mwaka 1989, Nairobi, ilijulikana kwamba jengo la ghorofa 60 litajengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park. Lilikuwa la gazeti la Kenya Times. Gazeti hilo lilikuwa mali ya chama tawala, KANU, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Angalia: chama, serikali, tajiri wa nje na gazeti, wote wamelala kitanda kimoja. Machujio yamekamilika. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kupinga. Bakora zikamshukia: wabunge wakamkejeli, wakawaita wenzake wanawake walioachika, na Rais Moi naye akamkumbusha adabu ya mwanamke wa Kiafrika mbele ya wanaume.

Kwa hesabu ya machujio angekuwa amekwisha. Lakini ukishamtukana mtu hadharani umeshamtaja jina, na umewaambia watu kuna jambo. Wasomaji waliisoma kejeli kinyumenyume. Wafadhili wakaingiwa na baridi, mradi ukafa, Maxwell mwenyewe akafa baharini mwaka 1991. Bustani ipo. Maathai akapata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Sisemi ilikuwa rahisi, yule mama alipigwa na kufungwa miaka ile. Nasema tu kwamba nguvu ya gazeti ina mipaka, na mipaka hiyo ni mtu anayesoma huku akifikiri.

Narudi kijiweni. Yule ndugu yetu wa "yote yamenunuliwa" anadhani anampinga mwenye gazeti. Kumbe anamfanyia kazi bure. Asiyeamini chochote hatafuti chochote. Hatahesabu habari 78 wala 57, hataandika barua kuhusu bustani. Anakunywa kahawa.

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi je? Tunasema mambo ya magazeti ni ya waandishi wa habari, sisi tunatunga riwaya. Jamani, tunaandika kwa lugha ile ile! Chukua gazeti la leo usome: "Wamachinga waondolewa barabarani." Nani kawaondoa? Herufi moja, ile w ya kutendwa, imemficha mtendaji. "Nyumba zabomolewa." "Kijana auawa." Na pale mtendaji anapotajwa, anaitwa "wananchi wenye hasira kali", watu wasio na jina wala sura, na aliyekufa anaitwa "kibaka". Mistari minne, ukurasa wa ndani. Huyo ni mhanga asiyestahili, wa mtaani kwetu, na hatukuhitaji New York kumpata.

Nilipoisoma sura ile ya mapadri nilifungua daftari la riwaya yangu, ambayo mpaka sasa ina sura tisa. Katika sura ya nne kuna kibaka anayechomwa moto sokoni. Nilikuwa nimempa sentensi mbili. Hana jina. Waliomchoma nimewaita, kwa mkono wangu mwenyewe, wananchi wenye hasira kali. Hakuna tajiri aliyenilipa niandike hivyo, wala mhariri aliyenitisha. Chujio lilikuwa limeshaingia kwenye kalamu.

Nimeirudia sura hiyo. Sasa kijana ana jina, ana dada aliyemtuma chumvi, na kuna mtu anayejulikana aliyekwenda kununua petroli, na aliyempa hela, na muuza petroli aliyeuliza ya nini kisha akauza. Imekuwa ndefu na inanitia hofu kuisoma. Kitabu cha Herman na Chomsky kina upungufu nilioutaja, na wenye hoja nyingine wazilete, kurasa hizi ni zetu sote. Ila nawaomba kila mmoja afungue hadithi yake, atafute watu wake waliokufa kwa sentensi mbili, awahesabu.