Kubadilisha Paneli Bila Mji Kujua

Nyegezi ina chuo cha uvuvi, ina stendi ya mabasi ya mikoani, na ina ziwa mlangoni. Mgeni hudhani watu wa huku hawana habari ya kuhangaikia maji. Wenyeji wanaijua ratiba ya mgao, wanayajua madumu ya njano yaliyopangwa kibarazani, na mwenye uwezo ana simtanki lake juu ya mnara wa matofali. Ziwa liko chini, watu wako juu ya mawe. Mwanza ni mji wa vilima, na maji hayajapata kupanda kilima kwa hiari yake.

Kata ya jirani, Butimba, ndiko kilikojengwa chanzo kipya cha maji cha jiji, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kwa fedha za serikali pamoja na za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Kabla yake, kwa miaka mingi, jiji lilikuwa linaegemea chanzo cha Kapripoint, lita milioni 90 kwa siku. Hizo ni namba za maji. Mimi hupenda kuzigeuza ziwe za umeme, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoonekana. Lita milioni 48 kwa siku ni lita milioni mbili kila saa. Ukitaka kuziinua mita 100 tu, kimo nilichokichagua kwa ajili ya hesabu, unahitaji kilowati 545 hivi mfululizo, usiku na mchana, na hapo hujahesabu kinachopotea ndani ya pampu, mota na mabomba. Ukihesabu, unavuka 700. Bili ya maji ya mkazi wa Mwanza, kwa sehemu kubwa, ni bili ya umeme iliyolowa.

Ndiyo maana nimekuwa nikivutiwa na fundi asiyepigwa picha siku ya uzinduzi. Picha ni za tenki, bomba, na kiongozi aliyefungua koki. Fundi umeme wa mtambo yuko chumba cha nyuma, mbele ya makabati ya chuma ya rangi ya kijivu, na akifanya kazi yake vizuri hakuna atakayejua alikuwepo. Akiikosea, jiji zima litajua kabla ya saa mbili asubuhi.

Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada, watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Cleveland, mji ulioko ufukweni mwa Ziwa Erie, uliishiwa na maji. Ziwa lilikuwa pale pale, limejaa. Pampu ndizo zilizosimama. Kwetu, usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikazimika. Matukio makubwa kama hayo huandikwa magazetini. Yanayoua mitambo, hata hivyo, mara nyingi ni madogo zaidi na yanatokea ndani ya kabati.

Chukua klorini. Bila hiyo maji hayafai kunywa, lakini hewa yake ikivuja kidogo kidogo kutoka chumba cha dawa hadi chumba cha umeme, shaba inaanza kuota ukijani, midomo ya kontakta inachakaa, na maungio yanapata joto. Chukua unyevu wa ziwa. Chukua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mawingu na kufuata taa: wakiingia kwenye feni za kupoza paneli wanafia humo, wanaziba vichujio vya hewa, na ndani kunakuwa tanuri. Wadudu wakija, mijusi wanakuja kuwala. Mjusi mmoja akigusa fezi mbili kwa wakati mmoja hana nafasi ya kujutia, na breka kubwa inaruka pamoja naye. Halafu kuna radi. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu duniani zenye ngurumo nyingi kupita kiasi, hasa usiku, na radi ikipiga laini ya kilovolti 11 au 33 hata mbali na mtambo, wimbi lake linasafiri na waya mpaka kwenye transfoma.

Mwuaji ninayemwona mjanja kuliko wote ni fezi moja kupotea. Fyuzi ya nje inakatika, au kiungo kinalegea nguzoni, na mota inabaki na fezi mbili. Haisimami. Inaendelea kuzunguka, inanguruma kwa sauti ya kukwaruza, huku fezi mbili zilizobaki zikivuta karibu mara 1.7 ya mkondo wa kawaida ili kubeba mzigo ule ule. Kama hakuna kifaa cha kuihisi hali hiyo na kuikata, insulesheni inapikwa. Mafundi wana kanuni ya zamani: kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango, umri wa insulesheni unapungua nusu. Mota iliyotakiwa kuishi miaka 20 inaweza kumalizwa na mchana mmoja.

Kwa hiyo kifaa kikiungua, wapo mafundi wa aina mbili. Wa kwanza anauliza bei ya kingine kama hicho. Wa pili anakaa na kilichoungua. Anakitoa, anakifungua juu ya meza, anakisoma. Ikiwa nyaya za mota zimekuwa nyeusi kwa makundi mawili na kundi moja bado linang'aa, au kinyume chake kutegemea mota ilivyofungwa, anajua ni fezi iliyopotea. Zikiwa zimeungua zote sawasawa, ni mzigo uliozidi au mota iliyokosa hewa. Ikiwa ni tundu moja dogo lenye shaba iliyoyeyuka, huenda ni radi, au insulesheni iliyochubuka siku mota ilipokuwa inasukwa upya. Mpaka aupate ushahidi huo, hakubali kuandika oda. Bosi anapiga simu, wananchi wanalalamika redioni, na yeye bado ameshika kioo cha kukuzia. Uvumilivu huo ndio ninaouhusudu, maana kuweka breka mpya penye tatizo la zamani ni kununua moto wa pili kwa bei ya leo.

Akishajua chanzo, anapendekeza mfumo ubadilishwe, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mji hauachi kunywa. Kubadilisha mfumo wa umeme wa mtambo wa maji ni kuezeka nyumba upya huku wenyewe wamelala ndani. Muda wote alionao fundi umo ndani ya tenki. Anahesabu: matenki yakijaa saa tano usiku, na matumizi ya usiku yakiwa madogo, nina saa ngapi kabla ya watu kuamka saa kumi na moja alfajiri na kufungua bomba? Kazi yote inakatwakatwa ili kila kipande kiingie ndani ya saa hizo. Paneli mpya inasimamishwa pembeni ya ile ya zamani, si mahali pake. Kebo mpya zinalazwa na kupimwa wiki nzima kabla. Pampu inahamishwa moja, inaendeshwa siku kadhaa, ndipo inafuata ya pili. Kwa wiki hizo zote mtambo unaishi na vichwa viwili, cha zamani na kipya, na fundi anatakiwa kukumbuka kila saa nini kinalishwa na nani.

Hapa kuna mtego ambao hauna budi kuelezwa taratibu. Mitambo mingi ya nchi yetu ilifungwa kwa rangi za zamani za Waingereza: nyekundu, njano na bluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro. Vifaa vya siku hizi vinakuja na rangi nyingine: kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Tazama kilichotokea. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa ni fezi. Na bluu, iliyokuwa fezi, sasa ni nyutro. Katika chumba kimoja, sentimita chache kutoka hapa hadi pale, rangi ile ile ina maana mbili zinazopingana, na moja kati ya hizo inaua. Fundi mzuri haamini rangi. Anafuata waya kwa kipimo kutoka mwanzo hadi mwisho, anauvisha namba pande zote mbili, na namba hiyo anaiandika kwenye mchoro kabla hajagusa waya mwingine. Nimewahi kuona mtu akitumia mchana mzima kuvalisha nyaya namba, wala hakuna kilichowashwa siku ile. Kwa mpita njia alikuwa anacheza.

Usiku wa kuhamisha pampu una utaratibu wake kama ibada. Breka inazimwa, inafungwa kufuli, na ufunguo unaingia mfukoni mwa anayekwenda kuweka mikono. Kadi yenye jina lake inaning'inizwa. Testa inajaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha mahali panapodhaniwa hapana, kisha inarudishwa tena penye umeme, kwa kuwa testa iliyokufa husema kila mahali ni salama. Ndipo ethi inafungwa. Wenye haraka huruka hatua hiyo ya tatu ya testa, na mimi siwaelewi watu hao.

Kisha inakuja kazi ya nati. Maungio ya shaba ndani ya paneli hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, bila kupunguza na bila kuzidisha. Ikilegea inapata joto. Ikikazwa mno inaharibu nyuzi zake na kulegea baadaye. Kila nati iliyokamilika inachorwa mstari mwembamba wa rangi unaovuka kutoka kichwani hadi kwenye shaba. Mwaka ujao, mwenye tochi atatazama tu: mstari ukiwa umevunjika, nati imesogea. Sijui alama nyingine ya ufundi iliyo rahisi na yenye heshima kwa atakayekuja baadaye kama mstari huo.

Kebo na mota zinapimwa kwa mega, volti 500 au 1000 zikisukumwa kwenye insulesheni ili kuona kama itavujisha. Kwa mota kubwa fundi hatosheki na namba ya dakika ya kwanza. Anasubiri dakika kumi. Insulesheni kavu na safi namba yake inaendelea kupanda. Iliyolowa au kuchafuka inakwama. Kijana anayejifunza hukerwa na dakika hizo kumi. Mzee anazitumia kunywa chai.

Mwisho anahakiki mzunguko wa fezi. Ukizibadilisha mbili kati ya tatu, mota inazunguka kinyume. Ajabu ya pampu hizi ni kwamba hata ikizunguka kinyume bado inasukuma maji, kidogo na kwa kelele, kiasi kwamba asiyejua ataona geji imecheza na kusema kazi imeisha. Maji hayatafika kilimani, na atakayelaumiwa ni bomba.

Kuhusu namna ya kuwasha mota, wauzaji wana mengi ya kusema. Ukiiwasha moja kwa moja, inavuta mkondo mara sita au zaidi ya kawaida kwa sekunde chache, na taa zinafifia. Kwa hiyo ni sawa kuweka kifaa cha kuwasha polepole. Kizuri zaidi, kinazima polepole pia, na maji ndani ya bomba la kilimani hayarudi kwa kishindo na kupasua viungo. Kifaa cha kubadili kasi husifiwa zaidi, kwa hoja kwamba ukipunguza kasi ya pampu kwa asilimia 20, nguvu inayotumika inashuka karibu nusu. Hesabu hiyo ni ya kweli kwenye uwanda. Mwanza, sehemu kubwa ya kazi ya pampu ni kimo chenyewe, na kimo hakipungui kwa sababu umepunguza kasi. Ukipunguza kupita mahali fulani, maji yanasimama katikati ya kilima na pampu inachemka bure. Fundi anayejua mji wake anaweka kifaa hicho pale penye faida, na pampu nyingine anaziachia vya kawaida, hata kama kabati lote la vya kisasa lingependeza zaidi kwa wageni.

Vitu vidogo navyo vinataka heshima yao. Pampu ya kudondosha shabu na ile ya klorini zinatumia umeme kidogo sana ukizilinganisha na zile za kusukuma mjini, na kwa hiyo katika mitambo ya zamani zilifungwa popote palipokuwa na nafasi. Katika mfumo mpya zinapewa njia yake, kinga yake, na fungamano: klorini ikikatika, kengele inalia na pampu kubwa haziendelei kana kwamba hakuna kilichotokea. Breka nazo zinapangwa ili hitilafu ya taa ya chooni iangushe breka ya taa, isiangushe kituo kizima. Inaonekana jambo la wazi. Nenda kahesabu majengo ambayo pasi ya chumba kimoja inazima ghorofa.

Baada ya pampu ya mwisho kuhamia, fundi haondoki. Anasubiri wakati wa mzigo mkubwa, jioni, pampu zote zikiwa kazini, anapita na kamera ya kupima joto mlango hadi mlango. Akikuta kiungo cha fezi moja kimezidi joto wenzake wawili, anaandika kwenye kitabu, anaomba dakika 20 za kuzima usiku huo, anakifungua, anakisafisha, anakikaza upya, na kuchora mstari mpya juu ya ule wa zamani.